Skrini ya Dada Redio

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umeanza, na mvua imeanza nao. Daftari hili lilibaki mwaka jana likiwa na kurasa chache tu za hesabu mbele. Nimezichana, na sasa ni shajara.

Leo Mwalimu Mkuu alimwita Mama shuleni kuhusu dada yangu. Dada yangu tunamwita Redio kwa sababu tangu akiwa mdogo hazimwi. Amenizidi umri, lakini tupo darasa moja kwa kuwa alipoteza mwaka mzima hospitalini kwa ajili ya macho. Kwanza ubao ulimpotea, kisha vitabu. Sasa anaona mwanga na vitu vikubwa vikubwa tu. Darasani namsomea kwa kunong'ona, nyumbani namsomea kwa sauti. Mtihani uliopita tulikaa chumba cha pembeni, nikamsomea maswali na kumwandikia majibu aliyonitajia.

Mwalimu Mkuu alisema safari hii haiwezekani. Mtihani wa mwisho wa muhula huu ndio unaopeleka watu darasa la mwisho, na mwanafunzi hawezi kumsomea mwanafunzi, tena dada mtu.

"Mimi sina shaka na uaminifu wa watoto hawa," alimwambia Mama. "Nina shaka na watakaosema."

Kuna shule ya bweni ya wasioona, mbali sana, na wamemwekea Redio nafasi hadi mwisho wa Aprili. Akiweza kufanya mtihani bila mtu kumsomea, atabaki nasi. Asipoweza, ataenda.

Njiani kurudi nyumbani Redio hakusema neno. Nilimchukia Mwalimu Mkuu na miwani yake ya kamba.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Jiografia, mada ya jangwa. Ilikuwa kavu kuliko jangwa lenyewe, na Redio akaanza kusinzia. Nikamwongezea ngamia anayelalamika kuhusu mizigo. Akaamka, akacheka mpaka akapaliwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mama ana saluni ya kusuka nywele mbele ya nyumba. Nyuma ya saluni, ukivuka pazia la maua, ndiyo karakana ya Mjomba, kaka yake Mama, fundi wa kompyuta. Wateja wa Mama wakitoa umbea, Mjomba anausikia wote bure, na nati zake zikianguka, wateja wanaruka.

Leo Mjomba ametuita mimi na Redio, akaweka mezani kikompyuta cheusi ambacho mwenyewe hakurudi kukichukua.

"Redio, mpwa wangu, umeshajifunza kuandika bila kutazama?"

"Mjomba, mimi nasuka nywele bila kutazama. Vitufe vitanishinda?"

Ni kweli. Alikuwa akifanya mazoezi kwenye kibodi mbovu aliyoipakata, herufi kwa herufi, huku akisimulia habari za watu.

Mjomba alikiwasha. Alikuwa ameweka mfumo wenye programu ya kusoma skrini kwa sauti. Kikasema sentensi moja na nusu, kikaganda kama mtu aliyesahau alichokuja kusema. Akasema kumbukumbu ya mashine ni ndogo, na kiini cha mfumo, yaani ile programu ya katikati inayoziendesha nyingine zote, kimebeba mizigo ya kila aina.

"Kama yule ngamia," akasema Redio.

"Ngamia gani?"

"Wa kitabu cha jiografia. Hukusoma jiografia, Mjomba?"

Nikakohoa. Mjomba akasema tutajenga kiini chetu wenyewe, chepesi, chenye vitu anavyovihitaji Redio tu. Nilifurahi nikashindwa kuficha.

Jumapili, 9 Machi

Kujenga kiini ni kujibu maswali. Unafungua menyu, na ndani ya menyu kuna menyu nyingine. Kila chaguo unalijibu ndiyo au hapana. Unataka kiini kijue kuzungumza na printa? Na kamera? Na mitambo ambayo Mjomba mwenyewe hajawahi kuiona? Tulikuwa tukisema hapana kama wazazi wenye watoto wengi.

"Kengele za viwandani?"

"Hapana!"

"Usukani wa michezo?"

Pazia likasogea, sauti ya Redio ikaja: "Huo niachieni!"

"Hapana!" tukajibu wote wawili.

Tukafika kwenye skrini ya maandishi. Hiki ni kile kipande kinachoandika maneno kwenye kioo cha kompyuta. Mjomba alikuna kichwa. "Hii huwa haizimwi ovyo, wameificha kwenye sehemu ya wataalamu. Lakini mtumiaji wetu haoni. Skrini ya nini?" Yeye anakitazama kikompyuta kwa waya, kupitia kompyuta yake kubwa, kwa hiyo hata kwa kazi yake haihitaji.

"Hapana," nikasema, na kitufe nikakibonyeza mwenyewe. Nilijiona mtaalamu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua siku nzima. Kioo cha saluni kimepata ufa, kwa hiyo Mama amehamishia kule kioo cha chumbani kwetu. Alisema mimi nitajitazamia saluni. Redio alikuwa akikunja nguo.

Jumamosi, 15 Machi

Kiini kimejengwa! Kikompyuta kinawaka haraka mpaka Mjomba akapiga makofi. Lakini ni bubu.

Tukagundua hatukukumbuka kujibu ndiyo kwenye chaguo la kisoma skrini, lile linalokifanya kiini kichukue maneno ya skrini na kuyapeleka kwenye sauti. Tukarudi kwenye menyu. Halipo. Tumefungua kila mlango, halipo.

"Nililiona zamani kwa macho yangu haya," Mjomba akasema. "Watakuwa wameliondoa kwenye toleo jipya. Watu wa programu hawatabiriki."

Lakini mimi najua kwamba majibu yetu yote yanahifadhiwa kwenye faili moja refu, kila chaguo na mstari wake. Mjomba alipokwenda kunywa chai, nililifungua nikaandika kwa mkono wangu: kisoma skrini, ndiyo. Nitamshangaza.

Jumatatu, 17 Machi

Mstari wangu haupo. Nimeuandika tena.

Jumatano, 19 Machi

Haupo tena! Mtu anaufuta.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimefanya jambo baya, na linaniuma.

Niliuandika mstari jana kwa mara ya tatu, na leo nikaukuta umefutwa. Mbali na mimi, anayeshika kompyuta ile ni Mjomba peke yake. Nikawaza, labda hataki mtoto aguse kazi yake. Nikawaza mabaya zaidi: labda yeye na Mama wameshaamua kwamba Redio aende, na haya yote ni ya kutuliwaza tu. Nikavuka pazia bila hata kubisha.

"Mjomba, kama hutaki nikusaidie si uniambie tu? Kwa nini unanifutia?"

"Nakufutia nini tena?"

"Mstari wangu! Kila nikiandika unafuta. Kama Redio anaondoka, tuambieni!"

Kule saluni mazungumzo yote yalikatika. Mjomba aliweka bisibisi chini polepole sana, akanitazama. Sikuwahi kuona uso wake bila mzaha. Akatoka, akasimama chini ya ukingo wa paa akiitazama mvua.

Redio alinijia baadaye. "Umemwambia nini Mjomba? Nimemkuta anakunja waya ule ule, anaukunjua, anaukunja."

Nilifungua kitabu. Nilimsomea historia bila kuongeza hata kinyozi mmoja wa kubuni.

Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi Mjomba aliita kutoka nyuma ya pazia, "Mheshimiwa hakimu! Njoo na ushahidi wako."

Nikaenda nimeinamisha kichwa. Akanikalisha kwenye kiti chake, akanyoosha mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa.

"Andika mstari wako. Mikono yangu unaiona?"

"Naiona."

"Haya, hifadhi. Sasa anza kujenga. Mikono je?"

"Bado iko juu."

"Simamisha. Fungua faili lako."

Nikafungua. Mstari haupo! Hakuna aliyegusa, na haupo. Nikageuka kumtazama, naye bado ana mikono juu, macho yametoka.

"Kumbe ni chombo chenyewe cha kujengea!"

"Chombo chenyewe!" akapaza sauti, na tukacheka hadi Mama akaja kuona nini kimetokea, chanuo mkononi.

Nilimwomba radhi. Akasema, "Yameisha. Ila siku nyingine ukitaka kunishtaki, njoo kabla ya chai."

Kisha akanieleza. Chaguo moja husimama juu ya jingine. Kabla ya kujenga, chombo hukagua majibu yote, na kikikuta chaguo lisilo na kitu cha kusimamia, huliondoa kimyakimya. Hakikohoi hata kidogo. Ndiyo maana hata kwenye menyu hatulioni: halijafutwa na mtu, limefichwa tu, mpaka lile la chini yake liitikiwe ndiyo.

"Linategemea lipi?" nikauliza.

Mjomba hana subira. "Tutalilazimisha. Kuna namna ya kuandika kanuni: ukitaka sauti, mburute kisoma skrini aje, atake asitake." Akaandika kanuni. Likatoka onyo la rangi ya njano. "Onyo si kosa," akasema.

Jumamosi, 29 Machi

Umeme ulikatika kazi ya kujenga ikiwa katikati, ukarudi, ukakatika tena. Mjomba anaanza upya kila mara. Redio ameshakariri kibodi nzima. Sasa anaandika kwa kasi kuliko mimi ninayeona.

Jumatano, 2 Aprili

Umeme ulitulia, kazi ikaenda hadi mwisho kabisa, hatua ya kuunganisha vipande vyote. Hapo ikasimama. Makosa yakajaa skrini ya Mjomba, mstari baada ya mstari, yote yakisema jambo lile lile: kisoma skrini kinaita kitu ambacho hakipo.

Tulikiburuta kwa nguvu, kikaja. Kimefika, kinaita, hakuna anayeitika.

Mjomba alizima kompyuta. Mtihani ni wiki mbili tu kutoka leo. Nilipopita dukani nilimwona Mama amesimama mbele ya masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Hakuniona.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nitaandika mengi.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri na umeme haukuwepo. Saluni haikupata mteja. Tulikaa chumbani, mimi kitandani, Redio dirishani penye mwanga. Nilikuwa nimefungua kitabu nimsomee, akanikataza.

"Leo acha. Hebu nijibu kitu. Kioo chetu kiko wapi?"

"Kipo saluni. Cha kule kimepata ufa."

"Najua kipo saluni, mimi ndiye ninayefagia saluni. Nauliza kwa nini kilichoondolewa ni chetu."

Nikanyamaza. Yeye hakunyamaza. Yeye ni Redio.

"Ninapojitazama kwenye kioo naona umbo langu. Naona kama kichwa nimekisuka upande mmoja juu na mwingine chini. Naona gauni la njano ni la njano. Asubuhi nilikuwa nasimama pale, najiona kama ukungu wenye miguu, lakini ni ukungu wangu. Mmeninyima kioo kabla macho hayajaninyima."

"Redio, hatukujua."

"Hamkuuliza." Akageuza uso dirishani. "Na hiyo mashine yenu huko nyuma ya pazia, humo mmeninyima nini kingine?"

Nikaanza kumtajia. Printa, kamera, kengele za viwandani, usukani wa michezo. Akaguna kwenye usukani. Nikafika kwenye skrini ya maandishi.

"Ngoja. Hiyo kazi yake nini?"

"Kuandika maneno kwenye skrini. Tuliona wewe huihitaji, kwa sababu... kwa sababu huisomi."

"Na hicho mnachokitafuta mwezi mzima kinaitwa nani?"

"Kisoma skrini."

Akanigeukia. Mvua ilikuwa kubwa, lakini nilimsikia vizuri sana.

"Kumbe jamani! Wewe unaponisomea, mbele yako kuna kitabu au hakuna?"

Nilikitazama kitabu kilichokuwa mapajani mwangu. Kitufe cha hapana nilikibonyeza mimi, kwa kidole changu, nikajiona mtaalamu. Tulimwondolea skrini kwa kuwa haoni, na msomaji wake hakuwa na kitu cha kusoma. Mwezi mzima tumekuwa tukimlazimisha mtu asome kitabu tulichokichoma sisi wenyewe.

Redio alinisikia nikivuta kamasi, akaanza kucheka. "Usilie. Unalia? Wewe na Mjomba mna akili nyingi sana, tatizo lenu ni hilo tu."

Nilikimbia kwenye mvua hadi saluni. Mama alikuwa ameketi peke yake, mikono mapajani. Nilimwambia habari ya kioo. Hakujitetea. Alikishusha ukutani, akakifunika kwa khanga yake, tukakibeba wawili mpaka chumbani. Tulipokisimamisha mahali pake Redio alikigusa ukingo, akasogea, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine.

"Mama," akasema, "nani aliyenisuka hivi? Nataka kuzungumza na mwenye saluni."

Mama alicheka huku akijifuta macho.

Jumapili, 6 Aprili

Mjomba aliposikia, aliketi chini ya meza yake. Kweli kabisa, chini ya meza. Alipotoka alinionyesha jambo tulilopaswa kulifanya siku ya kwanza. Menyu ina sehemu ya kutafuta. Unaandika jina la chaguo lolote, hata lililofichwa, nayo inakuonyesha lilipo na linategemea nini. Tukaandika. Ikajibu bila kusita: kinategemea skrini ya maandishi, na jibu la sasa la skrini ya maandishi ni hapana.

Lilikuwepo wakati wote, likitusubiri tuulize.

Tuliifuta kanuni ya kulazimisha. Tukaiitikia skrini ndiyo. Tukarudi kwenye menyu ya huduma za wenye ulemavu, na kisoma skrini kilikuwa pale, mstari wa pili, kimetulia kana kwamba hakikuwahi kwenda popote.

"Bonyeza wewe," Mjomba akaniambia.

"Hapana, aje mwenyewe."

Tukamwita Redio. Nikamwekea kidole kwenye kitufe cha ndiyo.

Jumanne, 8 Aprili

Umeme umekatika mara mbili. Sijala vizuri. Redio amekula chakula chake na changu.

Jumatano, 9 Aprili

Kazi ya kujenga imekwisha bila onyo hata moja. Mjomba alihamisha kiini kipya kwenye kikompyuta, akakiwasha. Mvua ilikuwa ikipiga bati kana kwamba inamwagwa kwa ndoo. Mimi, Mama, Mjomba na mteja mmoja ambaye nusu ya kichwa chake ilikuwa haijasukwa, tuliinama juu ya meza. Kwenye skrini yakatokea maneno meupe. Tukangoja.

Hakuna sauti.

Mjomba akakaza macho. Mama akanishika bega. Nikasema moyoni, basi, ndiyo hivyo.

Redio alikuwa amesimama nyuma yetu. Akatusukuma, akainama, akalaza sikio lake juu ya kikompyuta kama daktari juu ya kifua.

"Mbona mnaomboleza?" akasema. "Kinaongea."

"Kinasema nini?"

"Kinaomba jina la mtumiaji. Kina adabu kuliko nyinyi." Akavuta kibodi, akaandika. "Nimekijibu."

Tulipiga kelele kushinda mvua. Mteja naye alishangilia ingawa sidhani alijua kwa nini. Mjomba alitafuta visikilizi kwenye kila droo, na tulipovichomeka tukasikiliza kwa zamu. Ni sauti ya ajabu, inayosoma Kiswahili kama mtu anayeogopa kuchelewa kufika. Ni sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilibaki shuleni baada ya masomo kumpelekea Mwalimu Mkuu habari. Nilimkuta ofisini peke yake, miwani puani, anaandika kwenye kompyuta kwa vidole viwili.

"Shikamoo, Mwalimu. Mashine inasoma."

"Marahaba. Nimeshasikia, mjomba wako alipita hapa amelowa chapachapa. Usije upande huu wa meza."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kwa sababu hii ni mitihani. Karatasi zote za dada yako lazima ziwe faili. Nani ataziandika, mvua?"

Akaniambia alikuwa ameanza tangu Jumatatu ya kwanza ya muhula, kabla ya mtu yeyote kujua kama mashine itapatikana. Niliona shingo yake inavyomuuma, jinsi alivyokuwa akiikanda. Nilimwambia asante, akasema niende kabla sijalowa.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimejifunza kuuliza. Jioni nilimuuliza Redio, "Wewe unataka kubaki, au unataka kwenda?"

"Ala! Mwishowe mtu ameuliza."

"Nisamehe."

"Nataka vyote." Alikuwa akichana nywele zake mbele ya kioo. "Nataka kumaliza darasa la mwisho hapa, na nyinyi. Halafu nataka kwenda kule, kwa sababu wanafundisha nukta nundu, na mimi nataka kusoma kwa vidole. Siiogopi shule ile. Naogopa kupelekwa. Siku ya kwenda nataka sanduku nilifunge mwenyewe."

Mimi nilikuwa nikiichukia shule ile mwezi mzima kwa niaba yake.

Jumatano, 16 Aprili

Mtihani wa kwanza ulikuwa jiografia, ukisimamiwa na Mwalimu Mkuu mwenyewe. Redio alikaa nyuma kabisa karibu na soketi, visikilizi masikioni, kikompyuta mbele yake. Mimi nilikaa mbele. Tangu tuwe darasa moja hatujawahi kukaa mbali hivi.

Mvua ikaanza swali la kwanza lilipoanza. Kichwani mwangu nilikuwa naorodhesha kila kinachoweza kuharibika. Umeme ukikatika, betri itahimili? Mjomba alisema itahimili, lakini Mjomba huyo huyo alisema onyo si kosa. Nilisoma swali moja mara nyingi bila kulielewa, kwa sababu masikio yangu yote yalikuwa nyuma.

Umeme ulikatika. Darasa zima likaguna. Nikageuka, nikaona uso wa Redio umemulikwa na skrini yake tu, ile skrini niliyoizima kwa kidole changu. Vidole vilikuwa vinakimbia. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu anayesimulia.

"Wewe wa mbele, tazama karatasi yako," akasema Mwalimu Mkuu.

Nikatazama karatasi yangu, nikaanza kuandika.

Jumatatu, 21 Aprili

Imebaki mitihani miwili. Kimya changu cha jioni kinanisumbua. Redio anajisomea na mashine, mimi nakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo jua limewaka siku nzima. Mwalimu Mkuu alituita na Mama ofisini. Bahasha ya Redio ilikuwa wazi mezani.

"Amefaulu," akasema. "Amefaulu vizuri. Anabaki. Kule nimewaandikia kwamba tutaiomba nafasi yake tena mwakani, kama mwenyewe atapenda."

"Nitapenda," akasema Redio. Mama alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Ila kuna jambo." Mwalimu Mkuu alivua miwani. "Swali la usafiri jangwani. Umeandika, nanukuu, 'Ngamia hustahimili kiu siku nyingi lakini hulalamika sana kuhusu mizigo, hasa akipewa magodoro.' Nimefundisha jiografia miaka mingi. Huyu ngamia katoka wapi?"

"Kitabuni, Mwalimu," akasema Redio kwa uhakika kabisa.

Niliitazama sakafu. Ilikuwa safi sana.

Jioni Redio alifungua mada ya jangwa kwenye mashine. Alinipa kisikilizi kimoja, akabaki na kingine. Sauti ikasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka mwisho, kwa haraka yake ile ile. Mchanga, upepo, mvua kidogo, msafara wa ngamia. Ngamia wote kimya.

Redio akaisimamisha.

"Hayupo."

"Hayupo," nikasema.

"Na mto ulioona haya kuingia baharini?"

"Hayupo."

"Na mfalme aliyesaini mkataba kwa sababu viatu vilimbana?"

"Mkataba upo. Viatu hapana."

Alikaa kimya muda mrefu kuliko siku ile ya kutoka shuleni, mpaka nikaogopa. Kisha akavua kisikilizi, akanyoosha mkono, akazima mashine, akapapasa kitandani hadi akakipata kitabu, akanitupia mapajani.

"Hiyo mashine ni ya mtihani," akasema. "Soma wewe. Anzia kwa ngamia."